Ovaroli Namba Kumi na Saba

Siku hiyo mjinga alikuwa Mkaguzi mwenyewe, na hakuna haja ya kumfichia. Miaka kumi na tisa alikuwa Ofisi ya Kazi. Alishakagua migodi, hoteli, mashamba ya maua, na hata karakana moja ya majeneza ambayo mafundi wake walilalamika kwamba hawapewi muda wa kupumzika. Lakini asubuhi ile aliingia kiwanda cha biskuti kwa miguu yake mwenyewe, akavaa alichopewa, akasimama alipoambiwa asimame, na akafanya kazi ya mtu mwingine dakika arobaini nzima bila kujua kwamba anafanya kazi.

Ilikuwa hivi. Mlinzi wa mlango wa ukumbi wa mitambo alimwambia hakuna anayepita bila ovaroli, kofia ya neti na barakoa, hata awe nani. Akamshushia ovaroli nyeupe iliyokuwa kwenye msumari wa karibu. Suruali ilikuwa ndefu, inafagia sakafu. Mkaguzi akaikunja mikunjo miwili juu ya viatu, akaanza kupambana na vifungo. Hajafika cha mwisho, mlango ukafunguka. Akaingia msimamizi wa zamu, mwanaume mfupi, mwepesi, mwenye filimbi ya refa shingoni, na kwa ajili hiyo kiwanda kizima kilimwita Filimbi. Filimbi hakumtazama usoni. Alimzunguka akamtazama mgongoni, palipoandikwa namba.

"Kumi na saba, umechelewa," alisema. "Twende."

Mkaguzi akafurahi. Alidhani amepokewa. Akafuatana naye hadi mwisho wa tanuri, pale biskuti zinapotoka motoni zimejipanga kwenye mkanda, akaambiwa atazame rangi, na zikianza kukolea kupita kiasi abonyeze kitufe chekundu. Akaona ni heshima kubwa, mgeni kuonyeshwa kazi kwa vitendo. Alisimama mikono nyuma kama mgeni rasmi kwenye mahafali. Filimbi alipopita mara ya pili na kumwambia aache kushangaa, yeye alijibu kwamba hongereni sana, mnafanya kazi nzuri.

Aliokolewa na Meneja Utumishi, aliyekuja mbio akisema wanamtafuta mheshimiwa kiwanda kizima. Filimbi akashika kichwa. Akaeleza kwamba alikuwa anasubiri kibarua aliyeahidiwa na hakutokea. Watu wakacheka, Mkaguzi akacheka kuliko wote, akaivua ovaroli, akairudisha kwenye msumari, akaomba aonyeshwe faili.

Hapo ndipo penye ujinga wenyewe. Alikuwa ameuvaa ushahidi mwilini. Akauvua, akautundika, akaenda kuutafuta kwenye makaratasi.

Kesi iliyompeleka ilikuwa ya mwendesha tanuri, mwanamke mrefu kiasi cha kuinama kila mlango, ambaye wenzake walimwita Twiga naye akaitika. Wiki tano zilizopita, siku ya Jumatano saa nane mchana, tanuri liliachwa bila mtu. Biskuti ziliungua, mkanda ukashika moto, kiwanda kikasimama siku mbili. Twiga akaitwa kwenye kikao cha nidhamu, akakana, akaachishwa kazi kwa barua yenye maneno "kosa kubwa la uzembe". Alikata rufaa ndani ya kiwanda, na rufaa ilikuwa isikilizwe siku hiyohiyo saa tisa alasiri, Ofisi ya Kazi ikiwepo. Ikithibitika kosa ni lake, faili linafungwa. Na mwendesha tanuri mwenye barua ya namna ile hakuna mwenye tanuri atakayemfungulia geti tena, awe na cheti au asiwe nacho.

Meneja Utumishi alikuwa mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni. Wafanyakazi walimwita Taratibu kwa sababu kila sentensi yake lazima ipitie hapo. Aliweka faili mezani kwa madaha. Taarifa ya tuhuma ilitolewa siku mbili kabla ya kikao, ipo. Haki ya kuja na mwakilishi ilitajwa, ipo. Mashahidi watatu walioandika kwamba walimwona namba kumi na saba akiondoka kituoni, wapo. Muhtasari wa kikao upo, na saini zake zipo.

"Ukikuta taratibu moja imerukwa, mheshimiwa, mimi nakuachia kiti hiki," alisema.

Mkaguzi alitafuta. Yeye mwenyewe alishafukuzwa kazi mara tatu enzi za ujana: mara ya kwanza kwa kuchelewa, mara ya pili kwa kuwahi akamkuta bosi anafanya asichotakiwa kufanya, na mara ya tatu hakuambiwa sababu, ndiyo iliyomuuma zaidi. Kwa hiyo faili la kufukuza mtu alilisoma kama fundi anavyosikiliza injini. Hakusikia kelele yoyote. Akaomba video.

Kamera ilikuwa juu ya nguzo, inatazama tanuri kwa nyuma. Picha ilionekana vizuri, sauti haikuwepo. Mtu mwenye barakoa na neti, namba kumi na saba imeandikwa mgongoni kwa wino mweusi, amesimama mdomoni mwa tanuri. Saa nane na dakika kumi anageuka, anatembea, anatoka kwenye picha upande wa mlango wa mizigo. Saa nane na dakika ishirini na sita moshi unaanza.

Twiga alikuwa kwenye benchi la nje ya ofisi, magoti yamefika karibu na kidevu. Mkaguzi akaketi kando yake. Akamwambia kwamba faili ni zuri kuliko alivyotarajia, na kama kuna neno bado lipo tumboni alitoe.

"Neno ni lilelile, kaka. Sikuwa tanurini. Nilikuwa kupaki, meza ya Kifupi, tangu saa saba hadi kengele ya moto."

Mkaguzi akamweleza kwamba hilo alishalisema kwenye kikao, na Taratibu alifungua orodha ya kupaki ya siku ile mbele ya watu wote. Kila katoni huwekwa karatasi yenye muhuri wa namba ya aliyeipaki. Namba kumi na saba haikuwepo kwenye katoni hata moja.

"Sasa ingekuwepo vipi?" Twiga aliuliza, akamtazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza maji yana mifupa mingapi. Kisha akageukia ukuta. Alikuwa ameshachoka kuulizwa.

Swali lile Mkaguzi alipaswa kulikamata papo hapo. Lakini kumbuka tulivyokubaliana kuhusu siku hiyo. Alilipita, akarudi kuitazama video mara ya nne, na safari hii akashusha macho kutoka mgongoni hadi miguuni. Suruali ya mtu yule ilikuwa imekunjwa. Mikunjo miwili, juu ya viatu.

Akainuka kwenda stoo ya nguo. Mtunza stoo alikuwa bibi wa miwani minene aliyekuwa anashona kifungo. Mkaguzi alimwamkia, bibi akamwitikia na kumwita mwanangu, akamwambia akae juu ya furushi la mataulo. Ovaroli zote za kiwanda, bibi alieleza, ni saizi moja, za kati, isipokuwa hiyo kumi na saba. Hiyo aliifumua pindo mwenyewe akaiongezea kitambaa cha kiganja kizima, maana yule binti wa tanuri alikuwa akiivaa kama ilivyokuja inamwishia kwenye ugoko, unamwona kama mcheza mpira. Sasa inamfika vizuri, haizidi wala haipungui.

Mkaguzi akaangalia suruali yake mwenyewe. Vumbi la unga bado lilikuwa limechora mstari pale mikunjo ilipofika. Akamshukuru bibi, akatoka bila kumweleza kwa nini anajicheka.

Basi aliyeondoka tanurini hakuwa Twiga, alikuwa mtu mfupi kuliko yeye. Na mfupi gani amewahi kukosana na Twiga? Kila aliyeulizwa alitaja jina moja: Kifupi wa kupaki, mwanamke wa futi nne na kitu, mwenye mdomo wa futi saba. Miezi miwili nyuma waligombana mbele ya watu kuhusu nani abadilishane zamu na nani, hadi Filimbi akapuliza filimbi kuwatenganisha. Ukiongeza kwamba Twiga alidai alikuwa meza ya Kifupi siku ile, ikawa kama fumbo limejipanga lenyewe: wamebadilishana nafasi kwa siri, Kifupi akavaa ovaroli ya mwenzake, akaboronga, akanyamaza. Mkaguzi akauliza yuko wapi. Akaambiwa yuko kwao, nyumba ya tatu nyuma ya ukuta wa kiwanda. Hakuuliza kwa nini yuko kwao siku ya kazi. Alikuwa na haraka ya kushinda.

Alibisha hodi saa sita. Kifupi alifungua mlango na kichanga begani, anakicheulisha. Mkaguzi alianza kwa sauti ya ofisi, kwamba anachunguza tukio la Jumatano ya tarehe fulani, saa nane mchana, na angependa kujua yeye alikuwa wapi, na amkumbushe tu kwamba uongo mbele ya mkaguzi ni kosa.

Kifupi alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akampa mtoto, Mkaguzi akampokea kwa kuwa hakuwa na namna nyingine, akaingia ndani akarudi na kadi ya kliniki.

"Soma tarehe ya kuzaliwa, mzee. Soma na saa." Akangoja asome. "Saa nane ya Jumatano hiyo mkunga alikuwa ananiambia sukuma. Tanuri nililokuwa nalo siku hiyo ni langu mwenyewe, na huyo uliyemshika ndiye aliyetoka humo, wala hajaungua."

Mtoto akapiga chafya. Mkaguzi akaomba radhi kwa wote wawili.

Kifupi akawa anacheka hadi anajifuta macho kwa khanga. Akasema ugomvi wake na Twiga uliisha jioni ileile ulipoanza, na Twiga ndiye aliyemletea beseni la kumwogeshea mtoto. Likizo yake ya uzazi ilianza siku tatu kabla, aliisaini Taratibu kwa mkono wake. Kisha akauliza, kama mtu anayejisemea tu, wamemweka nani kwenye meza yake, maana alipoomba atafutwe mtu wa kumshikia nafasi aliambiwa suala linafanyiwa kazi.

Mkaguzi alisimama katikati ya chumba na mtoto mkononi. Lile swali la Twiga la kwenye benchi lilimrudia lote, neno kwa neno. Sasa ingekuwepo vipi?

Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akarudi kiwandani nusu akitembea nusu akikimbia. Aliomba orodha za kupaki kuanzia Jumatano ile, na safari hii hakutafuta kumi na saba. Alitafuta tisa, namba ya Kifupi. Ilikuwepo. Namba tisa alipaki katoni themanini na nne kati ya saa saba na saa nane na nusu, mwendo mzuri sana kwa mwanamke aliye leba. Kiwanda kilipofunguliwa tena alipaki Jumatatu pia, na Jumanne. Kwa mujibu wa orodha, Kifupi hajakosa kazini hata siku moja tangu ajifungue, na hata asubuhi ya leo amepaki.

Akaenda hadi meza yenyewe. Muhuri wa namba tisa ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Aliyekuwa pale, dada mmoja aliyetolewa idara ya unga, aligonga karatasi bila kutazama, akaitia katoni. Mkaguzi alimuuliza namba yake ni ngapi. Dada akasema ishirini na mbili. Akamuuliza kwa nini basi anagonga tisa. Dada akashangaa, akasema hii si meza ya tisa?

Hakuna aliyekuwa anaficha kitu. Hilo ndilo lililomfanya Mkaguzi atake kujipiga kibao. Humo ndani namba ilikaa na mahali. Mtu alipita tu. Ukisimama meza ya tisa wewe ni tisa, ukisimama tanurini unavaa kumi na saba, na jambo hilo lilikuwa limezoeleka hadi hakuna aliyeona ni la kusemwa. Twiga mwenyewe hakulieleza kwa sababu hakujua kuna mtu duniani asiyelijua, na aliyevaa kumi na saba baada yake hakumwona.

Ilibaki kumjua mfupi aliyevaa kumi na saba. Mkaguzi akairudia video mara ya tano. Alijua kamera haisikii, kwa hiyo aliacha kumtazama mtu wa tanurini, akawatazama wengine. Upande wa kushoto wa picha walionekana wafanyakazi wanne wa mkandani, wameinamia kazi. Saa nane na dakika kumi, namba kumi na saba, mgongo bado kwenye kamera, anavuta barakoa chini, mkono unapanda mdomoni. Na vichwa vinne, kwa pamoja, vinageuka upande mmoja kama vimefungwa uzi.

Mtu mmoja tu humo ndani aliweza kugeuza vichwa vinne kwa pumzi moja.

Alimkuta Filimbi kwenye mlango wa kupakia mizigo, anahesabu magunia kwa sauti. Alimngoja amalize. Kisha akamuuliza kwa upole kama Jumatano ile alipoondoka tanurini alikuwa anaitwa huku, na kama lori lilikuwa limekuja kabla ya saa yake.

Filimbi hakukana. Alikaa juu ya gunia kama mtu aliyetuliwa gunia. Akasema ndiyo, lori liliwahi, na wa mlangoni alikuwa mgonjwa, kwa hiyo mlango ulikuwa wake. Wa kupaki alikuwa leba, kwa hiyo alimhamisha Twiga kupaki, maana mzigo ulikuwa unaondoka siku hiyo. Tanuri likabaki wazi, na ukutani kuna cheti kinachosema tanuri ni la kumi na saba, na wanunuzi wanakagua kamera kuona kama kumi na saba yupo. Akavaa yeye. Alipoona lori alipuliza filimbi ili wa mkandani watupie jicho tanuri, akakimbia. Hawakutupia. Baada ya moto Taratibu alitazama video, akaita watu mmojammoja, akawauliza kama walimwona kumi na saba akiondoka. Wakasema ndiyo. Ilikuwa kweli. Aliwaandikia mwenyewe, wakasaini. Walipojua karatasi ni ya kumfukuzia mtu, saini zilishakauka.

"Na wewe?" Mkaguzi aliuliza.

"Mimi nina watoto wanne na mdomo mmoja, mzee. Niliufunga." Akaingiza mkono kifuani mwa ovaroli, akatoa karatasi zilizokunjwa kama hirizi. Zilikuwa nakala tatu za barua za kuomba watu wa kushika nafasi za walio likizo na wagonjwa. Kila moja imejibiwa pembeni kwa kalamu nyekundu: *Taratibu zinaendelea.*

Saa tisa alasiri walikuwa watano, Twiga na Filimbi wakiwemo, ofisini kwa mwenye kiwanda, mama wa makamo aliyekianzisha na oveni moja ya nyumbani na ambaye wote, mpaka Taratibu, walimwita Mama. Mkaguzi alieleza kwa mpangilio, bila kupandisha sauti. Aliweka mezani video, orodha ya kupaki, fomu ya likizo ya uzazi yenye saini ya Taratibu, na kadi ya kliniki aliyoazimwa. Mama alivaa miwani, akasoma kadi, akasoma orodha, akaivua miwani.

"Huyu anajifungua huku anapaki?"

"Katoni themanini na nne, Mama. Na ripoti ya mwezi unayoletewa na Utumishi inasema hakuna nafasi iliyokuwa wazi."

Mama akamgeukia Taratibu. Ripoti zile ndizo alizokuwa anasifiwa nazo: namba moja hadi thelathini, zote zimejaa, mwaka mzima. Taratibu alirekebisha tai. Akasema hata kama mfanyakazi alihamishwa, uhamisho haukuwa wa maandishi, na kwa mujibu wa taratibu mtu asiyehamishwa kwa maandishi anahesabika yuko kituoni kwake. Kwa hiyo kisheria Twiga alikuwa tanurini, hata kama kimwili alikuwa kupaki.

Mkaguzi alikuwa amesikia mengi katika miaka kumi na tisa, lakini hilo alilinukuu kwenye daftari ili akawasomee wenzake. Kisha akamweleza Mama jambo lenyewe lilivyo: mwajiri akimfukuza mtu, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba kosa limetendwa, tena na mtu huyo, si na nguo yake. Karatasi zote zikiwa sawa na sababu ikawa si ya kweli, kufukuza hakujawa halali. Akaongeza kwamba mama mzazi ana haki ya kupumzika, na mwajiri ana haki ya kuajiri mtu wa muda kwa mkataba wa miezi hiyo tu. Ni ukurasa mmoja, unaandikwa kwa nusu saa.

"Ukurasa mmoja," Mama alirudia. "Na mimi nikaunguza mkanda mzima. Leo asubuhi tanurini alikuwa nani?"

Taratibu alijibu kwamba nafasi ilikuwa imejazwa.

"Ni kweli," Mkaguzi alisema. "Nilikuwa mimi."

Mama akamgeukia Mkaguzi. Akauliza kama amewahi kufundishwa tanuri. Mkaguzi akasema hapana, ila alizisifia biskuti. Twiga akacheka kicheko kirefu kama alivyo mwenyewe, na Filimbi naye akacheka, hadi Mama akajifunika mdomo kwa karatasi.

Kisha mambo yakaenda haraka. Mama alisema barua ya kuachisha kazi imefutwa, na kufutwa kwake kutasomwa ukumbini mbele ya zamu zote mbili, kwa sauti, mashine zikiwa zimezimwa. Twiga anarudi tanurini kesho asubuhi kwa cheo chake kilekile, wiki zake zote zikihesabika kama hakuondoka. Twiga akasema sawa Mama, ila angependa kuanza leo, maana ametazama dirishani na zinazotoka zimepauka. Filimbi alipewa onyo la maandishi kwa kunyamaza, akalipokea kwa mikono miwili kama cheti, na barua zake tatu zikajibiwa palepale: watu watatu wa muda, kuanzia Jumatatu, kila mmoja na jina lake kifuani. Mkaguzi alifunga faili kwa kishindo kidogo ambacho hakikuwa cha lazima. Wa mkandani walikuwa wamejazana mlangoni wakijifanya wanapita, na habari ilishafika stoo kwa bibi kabla kalamu ya Mama haijawekwa chini. Mahali fulani ukumbini watu walianza kupiga makofi, na hakukuwa na filimbi ya kuwanyamazisha, mwenye filimbi alikuwa amekaa anajipepea kwa onyo lake.

Alibaki Taratibu. Mama akamwambia asimame kazi kuanzia sasa hivi hadi uchunguzi wa ripoti zake ukamilike, aache funguo mezani.

Taratibu hakuacha funguo. Alisema kwa heshima zote hilo haliwezekani. Hajapewa tuhuma kwa maandishi, hajapewa muda wa kujiandaa, hana mwakilishi, hajasikilizwa na mtu asiye na upande. Mama akasema aliowafukuza yeye wangependa kusikia hayo. Taratibu akasema hayo ni mengine, yeye anazungumzia sheria. Mama akauliza sheria gani hiyo isiyomjua Twiga ikamjua yeye. Wakaenda hivyo, huyu anasema hiki, huyu anarudisha kile, Taratibu amesimama sasa, kalamu zake tatu zinatikisika mfukoni, hadi akamgeukia Mkaguzi na kumwita shahidi.

"Mheshimiwa, waambie. Mimi ni mfanyakazi kama wengine. Sheria inanilinda."

Mkaguzi alifungua mdomo aseme ndiyo, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Twiga alimwahi. Alikuwa ameshainuka kwenda tanurini, ameinama kidogo ili apite mlangoni.

"Itakulinda, bosi," alisema. "Omba tu faili lako lisishikwe na mtu kama wewe."